Allan Rock: wakili wa Kanada aliyeshinda kwa maneno na kuangushwa na hesabu

Mhangaza (mwenye uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuahirisha karibu mwaka mzima. Leo nimepata nafasi, naushusha kwa vipande, mnivumilie.

Naanzia kwetu Ngara, Kanada tutafika. Aprili 1994 nilikuwa na miaka tisa. Asubuhi moja mwisho wa mwezi mama alinituma maji, nikarudi na ndoo tupu. Njia ya kwenda kisimani ilikuwa imezibwa na watu. Walikuwa wakitoka upande wa daraja la Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, wamejaa barabara nzima na kumwagikia mashambani pande zote mbili. Baadaye UNHCR walisema watu kama 250,000 walivuka ndani ya saa ishirini na nne. Mimi nakumbuka ukimya wao. Umati ule wote, na ulichosikia ni nyayo zikisaga changarawe na watoto wachanga wakilia. Mzee mmoja alikuwa amebeba mlango kichwani, mlango wa mbao na komeo lake. Nilimuuliza baba kwa nini mtu akimbie na mlango. Baba hakunijibu, alinishika mkono akanivuta nyuma ya uzio.

Nilipokua ndipo nikaelewa kwamba umati ule ulikuwa na waliokimbia kwa hofu na pia waliokimbia na damu mikononi. Waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda hawakupita barabarani. Wao walipita chini ya daraja, kwenye maji ya Kagera, wakaenda hadi ziwani. Watu wa kandokando ya ziwa waliacha kula samaki kwa muda mrefu.

Wiki moja kabla ya asubuhi ile, tarehe 21 Aprili, Baraza la Usalama kule New York lilikuwa limepiga kura kupunguza askari wa Umoja wa Mataifa nchini Rwanda, kutoka takriban 2,500 hadi 270. Kamanda wao, Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, alikuwa akiomba aongezewe watu.

Miaka kumi na moja baadaye, Septemba 2005, katika jengo lilelile, viongozi wa dunia walipitisha aya mbili, ya 138 na ya 139, zinazosema kila dola ina wajibu wa kuwalinda watu wake dhidi ya mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita, usafishaji wa kikabila na uhalifu dhidi ya ubinadamu. Mmoja wa waliohangaika sana hadi aya zile zikapita ni balozi wa Kanada, Allan Rock. Huyu hakuanzia ubalozini. Alikuwa wakili wa mahakamani, akawa waziri kwa miaka kumi, ndipo akapelekwa Umoja wa Mataifa.

Nimemfuatilia kwa sababu nimesoma sheria na kwa sababu ya yule mzee wa mlango. Nilichokiona kwenye maisha yake ya kazi ni hiki: palipohitajika neno sahihi kwenye karatasi, kazi yake imedumu. Palipohitajika mtambo, bajeti na watumishi wa kuuendesha, ilimvunjikia mikononi. Nitaeleza.

Kijiwe cha Mwembeni

Mkuu, nimeweka kambi hapa. Endelea.

Mhangaza

Allan Rock alizaliwa Ottawa mwaka 1947, akasoma Chuo Kikuu cha Ottawa, shahada ya kwanza 1968 na ya sheria 1971. Kisa cha ujana wake kinachosimuliwa mpaka leo ni cha Juni 1969, akiwa kiongozi wa wanafunzi. John Lennon na Yoko Ono walikuwa wametoka Montreal, walikokaa kitandani hotelini wiki nzima kudai amani mbele ya waandishi wa habari. Rock na wenzake wakawaalika chuoni kwao kuzungumzia amani. Akawazungusha mjini kwa Volkswagen yake, mpaka mlangoni kwa Waziri Mkuu Pierre Trudeau. Wakabisha hodi. Mwenyeji hayupo. Lennon akaacha barua fupi.

Wengi hukipenda kisa hiki kwa sababu ya Lennon. Mimi namwona kijana wa miaka ishirini na moja ambaye haogopi kubisha mlango wa mkubwa, na akikosa mtu anahakikisha yameachwa maandishi. Tabia hiyo tutaikuta tena mbele.

Aliapishwa kuwa wakili wa Ontario mwaka 1973, akafanya kazi Toronto karibu miaka ishirini kwenye kampuni kubwa, kesi za madai. Wanasheria wenzangu wanajua kazi hiyo inakufundisha nini: unasoma mkataba wa kurasa mia mbili kumbe kesi nzima imelala kwenye neno moja. Mwaka 1992 alichaguliwa kuongoza chombo kinachosimamia mawakili wa Ontario. Kwa jadi yao mkuu wa chombo hicho anaitwa mweka hazina, ingawa kazi yake si kuhesabu fedha.

Uchaguzi wa 1993 akagombea Etobicoke Centre, magharibi ya Toronto, kwa chama cha Liberal. Akashinda, na Waziri Mkuu Jean Chrétien akampa Wizara ya Sheria hapohapo. Hajawahi kuwa mbunge hata siku moja, tayari ni Waziri wa Sheria na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kwao vyeo hivyo viwili hushikwa na mtu mmoja.

Wakili wa Kando

Hapo pa vyeo viwili kuwa kwa mtu mmoja pana matatizo yake, msomi. Uwe mwanasiasa wa chama na wakati huohuo msimamizi wa mashtaka. Kanada imewasumbua mara kadhaa. Rock mwenyewe yalimpata kwenye suala la Airbus, tuhuma za hongo kwenye ununuzi wa ndege. Mwaka 1995 barua ilitoka wizarani kwake kwenda Uswisi kuomba taarifa za benki, na ndani yake Waziri Mkuu wa zamani Brian Mulroney akatajwa kwa lugha ya kumhukumu kabla ya mashtaka. Mulroney akaenda mahakamani. Januari 1997 serikali ikaomba radhi na kumlipa gharama za mawakili, dola milioni 2 na zaidi.

Kwa hiyo nadharia yako ya maneno ina tundu. Barua ile ilikuwa maneno matupu, na ndiyo iliyomchoma.

Mhangaza

Nakubali, msomi, na nashukuru kwa kuiweka. Barua ile iliandikwa na mtumishi wa wizara, lakini waziri ndiye mwenye nyumba.

Niende kwenye lililomwandama zaidi: bunduki.

Desemba 6, 1989, mtu mmoja aliingia na bunduki École Polytechnique, chuo cha uhandisi Montreal, akawatenga wanawake na kuwaua. Waliokufa ni wanawake 14. Familia zao na waliopona walidai sheria ya silaha kwa miaka, na Rock alipoingia wizarani akalibeba. Sheria ikapita Desemba 1995: kila mwenye silaha awe na leseni, na kila bunduki iandikishwe, hata ile ya mkulima ya kufukuzia mbweha na ya mwindaji wa kaskazini.

Bunge liliambiwa uandikishaji utagharimu dola milioni 119, ada za wenye bunduki zitarudisha milioni 117, basi mlipakodi ataguswa dola milioni 2 tu. Desemba 2002 Mkaguzi Mkuu Sheila Fraser akatoa ripoti: gharama zitafika dola bilioni moja ifikapo 2004–05, na ada zitakuwa kama milioni 140. Alichokikemea zaidi ya fedha zenyewe ni kwamba Bunge halikuambiwa ukweli wakati fedha zikipanda.

Ilikuwaje? Baadhi ya majimbo yalikataa kuiendesha, serikali kuu ikabidi ijibebe yenyewe. Fomu zikarudi na makosa kwa wingi. Mfumo wa kompyuta ukaagizwa kabla kanuni hazijatulia, na kila kanuni ikibadilika mfumo nao unafumuliwa. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu ilisema sheria ni halali. Kimaneno alishinda kesi kabisa. Mwaka 2012 serikali ya Conservative ikafuta uandikishaji wa bunduki ndefu. Leseni zikabaki.

Mimi huwa nawaza hivi: wakili hupokea namba kutoka kwa mtaalamu wake, huzisimamia kortini, kesi ikiisha anaondoka. Waziri haondoki. Ile namba ya milioni 2 ilimfuata Rock miaka yote, hata alipokuwa wizara nyingine kabisa.

Kijiwe cha Mwembeni

Lakini mkuu, akina mama 14 wameuawa. Serikali ikae kimya kwa kuogopa kompyuta? Mimi bado namuunga mkono.

Mhangaza

Na mimi namuunga mkono kwa sheria. Ndiyo maana hesabu zile zinaniuma. Ziliwapa wapinzani wake fimbo ambayo sheria yenyewe isingewapa.

Sasa upande wa pili, wa yaliyodumu. Akiwa Wizara ya Sheria alibadilisha sheria ya adhabu. Humo mna kifungu kimoja kidogo, 718.2(e), kinachomwambia hakimu atafute kwanza adhabu nyingine zinazofaa kabla ya jela, kwa wakosaji wote, na aangalie kwa namna ya pekee hali ya wakosaji wa asili ya wenyeji wa Kanada. Kilianza kutumika 1996. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Gladue, ikakisoma kwa uzito: hakimu analazimika kuuliza historia ya mtu huyo, shule za bweni ambako wazazi wake walipelekwa kwa nguvu, kuhamishwa, umaskini. Leo mahakama za Kanada huandaliwa ripoti maalumu zinazobeba jina la kesi hiyo. Kifungu kimoja kimezaa utaratibu mzima. Mwaka huohuo wa 1996 aliongeza pia mwelekeo wa kijinsia kwenye sheria ya haki za binadamu ya nchi, kati ya mambo ambayo mtu haruhusiwi kubaguliwa kwayo, na mpaka leo umo.

Wakili wa Kando

Samahani msomi, nakukatiza tena. Kifungu kipo, ripoti zipo, lakini jela za serikali kuu ya Kanada leo zaidi ya asilimia 30 ya wafungwa ni wenyeji wa asili, wakati wao ni kama asilimia 5 ya watu wote. Wakati kifungu kinaandikwa hali ilikuwa mbaya, na sasa imezidi. Maneno yamedumu, sikatai. Watu wamebaki ndani.

Mhangaza

Hilo nimelisoma mara mbili kabla ya kujibu. Una haki. Nilisema yamedumu, na kudumu si sawa na kutosha. Niongeze hivi tu: leo mtu wa Kanada akisimama kudai haki ya ndugu yake aliyefungwa, ana mahali pa kuweka kidole kwenye kitabu cha sheria. Kabla ya 1996 hakuwa napo.

BintiMvita_Ontario

Hamjambo jamani. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, muuguzi, niko Ontario tangu 2001. Kaka Mhangaza naona unaelekea New York mbio, umeruka Wizara ya Afya, na huko ndiko alikokaa muda mrefu zaidi, 1997 hadi 2002. Niruhusu niseme ninayoyajua.

Wiki yangu ya kwanza hapa niliingia duka la pembeni kununua maziwa. Nyuma ya mwenye duka kulikuwa na pakiti za sigara zimepangwa, na juu ya kila pakiti picha: mdomo umeoza, mapafu yameharibika, picha imefunika nusu ya pakiti. Nilishtuka, kwetu sigara ilikuwa na mistari midogo ya maandishi pembeni. Kanada ndiyo nchi ya kwanza duniani kulazimisha picha, na kanuni zile zilitoka mwaka 2000 chini ya Rock. Leo ukienda Kenya utaziona. Hapo kaka alishinda kwa picha, si kwa maneno!

Halafu mwaka 2001 Kanada ikawa na kanuni za serikali kuruhusu bangi kama dawa kwa wagonjwa walioidhinishwa. Ikalimwa chini ya ardhi, kwenye mgodi kule Flin Flon, Manitoba. Kabla ya hapo, mwaka 2000, taasisi ya taifa ya kufadhili utafiti wa afya ikaanzishwa upya, na watafiti wengi hapa wanaishi kwa ruzuku zake mpaka leo. Huo ni mtambo, kaka, na umesimama. Nadharia yako uipunguze kidogo.

Lakini lililonikaa moyoni ni la damu. Miaka ya themanini maelfu ya Wakanada waliambukizwa UKIMWI na homa ya ini aina ya C kwa damu waliyowekewa hospitalini. Tume ya Jaji Krever ikatoa ripoti Novemba 1997, ikashauri wote walioumia walipwe, bila kuulizana nani alikosea. Rock na mawaziri wa majimbo wakaamua kuwalipa wa homa ya ini walioambukizwa kati ya 1986 na katikati ya 1990 tu, dola bilioni 1.1. Sababu yao ilikuwa ya kisheria: mwaka 1986 Marekani walianza vipimo vya kuchuja damu yenye hatari na Kanada haikuanza mpaka 1990, kwa hiyo lawama ya serikali ni ya miaka ile. Kabla na baada ya hapo, walisema, ni bahati mbaya.

Nimemhudumia mama mmoja aliyeongezewa damu baada ya kujifungua mwaka 1984. Ini limekwisha, tumbo limejaa maji, miguu imevimba. Alikuwa na faili la barua chini ya mto wake wa hospitali, barua za kuambiwa hastahili. Kila nilipobadilisha shuka aliniomba nilirudishe palepale. Alifariki kabla ya 2006, serikali nyingine ilipokubali kuwalipa na wao.

Mimi simchukii Rock. Alipougua saratani ya tezi dume mwenyewe akiwa waziri, 2001, alisema hadharani, na wanaume wengi hapa wakaenda kupima. Lakini lile la damu aliliangalia kama wakili wa mshtakiwa, anatafuta mpaka wa lawama. Waziri wa Afya alitakiwa aangalie kama mganga.

Mhangaza

Dada yangu, asante. Umenifundisha. Pole kwa yule mama.

Napunguza nadharia kama ulivyosema. Na hilo la mwisho lako nitalibeba: mafunzo yaleyale yanayomwezesha mtu kuona neno moja kwenye kurasa mia mbili yanaweza kumfanya aone tarehe mbili asimwone mgonjwa.

Mzee wa Rusumo Zamani

Vijana, nawasoma. Mwenye uzi, turudi kwenye lile la wajibu wa kulinda. Ulianza nalo, usiliache hewani.

Mhangaza

Shikamoo mzee. Narudi.

Mwaka 2002 Rock alihamishiwa Wizara ya Viwanda. Alitaka kumrithi Chrétien kwenye uongozi wa chama, lakini Januari 2003 akajitoa, kwa kuwa Paul Martin alikuwa ameshashika wajumbe wengi. Martin alipoingia madarakani Desemba 2003 akamteua balozi Umoja wa Mataifa. Kwa wanasiasa wa Kanada uteuzi wa namna hiyo mara nyingi ni njia ya kumpisha mtu kwa heshima. Rock aliuchukua kama kazi.

Wazo la wajibu wa kulinda halikuwa lake, na ni haki lisemwe. Mwanadiplomasia wa Sudan, Francis Deng, alikuwa ameshaandika tangu miaka ya tisini kwamba mamlaka ya dola maana yake ni wajibu. Serikali ya Kanada, wakati Lloyd Axworthy ni Waziri wa Mambo ya Nje, ikaunda tume mwaka 2000, wenyeviti wake Gareth Evans wa Australia na Mohamed Sahnoun wa Algeria. Ripoti ilitoka Desemba 2001. Na Afrika ilikuwa imetangulia: Sheria ya Kuanzisha Umoja wa Afrika ya mwaka 2000, ibara ya 4(h), inaupa Umoja haki ya kuingilia nchi mwanachama kukiwa na mauaji ya kimbari.

Tume ile ilifanya jambo moja la lugha ambalo mimi naliona kubwa. Miaka yote mjadala ulikuwa juu ya haki ya kuingilia. Ukisema hivyo, anayezungumza ni mwenye jeshi, na nchi ndogo zinasikia mlango wao ukipigwa teke. Wao wakageuza: wajibu wa kulinda. Sasa anayeangaliwa kwanza ni mtu aliyeko ndani ya nyumba inayoungua. Tena wajibu wa kwanza ni wa mwenye nyumba mwenyewe, majirani wanakuja akishindwa.

Ripoti ya 2001 ilitoka miezi mitatu baada ya Septemba 11, halafu ikaja vita ya Iraq 2003. Nchi nyingi zikashuka imani. Kila neno la kulinda likasikika kama maandalizi ya uvamizi mwingine. Rock alifika New York katika hali hiyo. Kazi yake ikawa ileile ya Ottawa 1969, kubisha milango. Aliona wazi kwamba jambo hili likibebwa na nchi za Magharibi litakufa, kwa hiyo kazi kubwa ikawa kupata sauti za Kusini. Rwanda ikasimama. Afrika Kusini ikasimama. Machi 2005 Umoja wa Afrika ukatoa msimamo wake, unaojulikana kama Makubaliano ya Ezulwini, ukilikubali wazo. Paul Martin naye alishika simu kuzungumza na viongozi wenzake.

Mwishoni mwa Agosti 2005, wiki chache kabla ya mkutano, balozi mpya wa Marekani John Bolton akaja na mamia ya marekebisho kwenye rasimu. Kwenye aya hizi, Marekani haikutaka neno lolote litakaloifunga kisheria ichukue hatua. Ukisoma aya ya 139 utaona alama ya mvutano ule. Dola ina wajibu. Jumuiya ya kimataifa, ikifika kwenye kutumia nguvu, inasema tu kwamba iko tayari kuchukua hatua za pamoja, kwa wakati na kwa uthabiti, kupitia Baraza la Usalama, na kila kisa kitazamwe peke yake. Wajibu huku, utayari kule. Nimezisoma aya hizo mara nyingi na kila nikifika pale nasimama.

Mzee wa Rusumo Zamani

Marahaba. Umeeleza vizuri, lakini nina swali zito kidogo. Aya zilipita 2005. Darfur ilikuwa inaungua wakati huohuo na iliendelea. Libya 2011 wakaitumia, azimio namba 1973 la Baraza la Usalama, wakasema wanalinda raia, wakamaliza kwa kumwondoa kiongozi na kuiacha nchi bila mwenyewe. Tangu hapo Urusi na China hawasikii. Syria watu wamekufa mbele ya macho yetu. Mimi nilizika watu waliookotwa mtoni mwaka ule unaousema. Niambie kwa moyo wako, aya hizi zimemwokoa nani?

Mhangaza

Mzee, sina jibu la kukutuliza na sitaki kukudanganya. Naweza kukuonyesha mahali pawili palipo karibu nasi.

Kenya, mwanzoni mwa 2008. Watu zaidi ya elfu moja walishakufa. Kofi Annan na jopo la Umoja wa Afrika, mama Graça Machel na mzee wetu Benjamin Mkapa, wakakaa Nairobi mpaka mkataba ukasainiwa Februari 28. Rais Kikwete, akiwa Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, alikuwepo. Hakuna risasi ya mgeni iliyopigwa. Annan mwenyewe aliiona kazi ile kwa jicho la wajibu wa kulinda, na ndiyo aina ninayoiamini: kuwahi, kuketi, kusema.

Pa pili ni kaskazini mwa Uganda. Miaka ishirini ya vita ya Kony, kiongozi wa waasi wa LRA, na suala halikuwa kwenye ajenda rasmi ya Baraza la Usalama. Kanada haikuwa mjumbe wa Baraza. Mwanzoni mwa Januari 2006 Rock akaandika barua kwa Rais wa Baraza akilitaka lichukue hatua. Mwezi ule kiti cha urais kilikuwa cha Tanzania, balozi wetu akiwa Augustine Mahiga. Tarehe 27 Januari Baraza likakaa juu ya Maziwa Makuu, Waziri wetu Asha-Rose Migiro akiongoza kikao, likapitisha azimio 1653, na waasi wa LRA wakatajwa humo kwa jina. Sisemi barua ile ndiyo iliyoleta azimio, kwa kuwa wengi walisukuma. Nasema tu aliacha maandishi mlangoni, na safari hii mwenyeji alikuwepo.

Wakili wa Kando

Hilo la urais wa Tanzania nilikuwa silijui. Na baada ya pale alikwenda wapi?

Mhangaza

Serikali ya Martin ilianguka kwenye uchaguzi wa Januari hiyohiyo, na katikati ya 2006 Rock akaondoka New York. Novemba mwaka huo Umoja wa Mataifa ukamtuma Sri Lanka kuchunguza watoto waliokuwa wakiingizwa vitani. Aliporudi alisema wazi kwamba si waasi wa Tamil Tigers peke yao. Kundi la Karuna lililojitenga nao lilikuwa likichukua watoto, na baadhi ya watu ndani ya vikosi vya serikali walikuwa wakilisaidia. Serikali ya Colombo ikamshambulia vikali. Kuanzia 2008 hadi 2016 akaongoza Chuo Kikuu cha Ottawa, kilekile alichosoma.

Dereva_Mombasa_Juba

Wakubwa, mimi si msomi, ni dereva. Nimeusoma uzi wote nikiwa nimeegesha Malaba nasubiri karatasi. Hapo mlipotaja kaskazini mwa Uganda nimeona nichangie.

Mwaka 2004 nilikuwa nabeba mahindi ya msaada kwenda Gulu. Ilikuwa sharti ufike kabla jua halijazama. Siku moja tulichelewa kwa sababu ya pancha, tukaingia mjini kama saa kumi na mbili na nusu jioni, na barabara ilikuwa imejaa watoto. Watoto tupu. Wanatoka vijijini wanakwenda mjini kulala, wasije kuchukuliwa na waasi usiku. Mkubwa kamshika mdogo, kila mmoja na gunia au kipande cha blanketi begani. Wanatembea pembeni ya lori kimya, ninavyoona kaka ameeleza wale wa Ngara. Taniboi wangu alizima redio mwenyewe bila kuambiwa.

Usiku ule nililala ndani ya kabini karibu na stendi. Asubuhi kabla ya saa kumi na moja nikasikia kama mvua, nikachungulia. Walikuwa wanaamka wote kwa pamoja na kurudi makwao, wengine na madaftari.

BintiMvita_Ontario

Ya Rabbi. Wangapi jamani?

Dereva_Mombasa_Juba

Dada, sikuhesabu. Varanda zote za maduka zilikuwa zimejaa, na uwanja wa stendi.

Mhangaza

Ndugu dereva, walisema wakati ule ulipofika kileleni walikuwa kama 40,000 kila usiku katika miji ile. Nakuuliza jambo moja. Ulipita tena Gulu baada ya 2006?

Dereva_Mombasa_Juba

Nilipita 2007, mazungumzo ya Juba yakiwa yanaendelea. Tulifika jioni kama ile ya kwanza, nikapunguza mwendo kwa kuzoea, nikijua nitakuta watoto barabarani. Hawakuwepo. Kulikuwa na mama mmoja anachoma mahindi kwenye varanda ya duka. Nikasimama nikanunua mawili.